Nani Amebeba Mzigo? Juu ya Vitabu vya Mwendo wa Miguu katika Uingereza

Safari ni jambo moja, na habari ya safari ni jambo la pili. Ya kwanza hufanywa kwa miguu, ya pili kwa kalamu. Na si kila mwenye miguu imara amejaliwa kalamu, wala si kila mwenye kalamu aliwahi kuchubuka kisigino. Katika fasihi ya Waingereza iko aina ya vitabu inayodai vyote viwili kwa mtu mmoja. Ni vitabu vya watu waliokikata kisiwa chao kwa miguu toka ncha hata ncha, kisha wakaketi wakaandika. Wanafunzi wetu aghalabu huvipitia kwa haraka na kuviweka kando, wakisema kwamba ni mchezo wa walioshiba. Nia ya makala haya ni kuyapima maneno hayo, na kutafuta kipimo ambacho kwacho kitabu cha namna hii chaweza kuhukumiwa kwa haki.

Yafaa kwanza tuijue njia yenyewe. Ncha moja ni Land's End katika Cornwall, kusini-magharibi. Ncha ya pili ni John o'Groats katika Caithness, kaskazini ya Uskoti. Lau mtu angeruka kama kunguru, kati ya ncha hizi ni maili 603. Kwa barabara huhesabiwa maili 874, na mtembezi anayekimbia barabara ili afuate vijia vya milimani na mabondeni hupita maili 1,000. Lakini ncha hizi zenyewe zina mzaha ndani yake. John o'Groats, mahali palipopata jina kwa Mholanzi mvushaji watu, Jan de Groot, si mwisho wa kaskazini. Rasi ya Dunnet Head imeipita. Wala Land's End si mwisho wa kusini. Rasi ya Lizard imeipita. Basi mpaka wa safari hii haukuwekwa na maumbile peke yake. Umewekwa na mapatano ya watu.

Asemaye kwamba kwa hiyo ni upuuzi, na akumbuke ushairi wetu. Nani aliyeamuru kwamba mshororo uwe na mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho? Hapana mvua iliyonyesha wala mto uliofurika kutulazimisha. Mtunzi hujifunga mwenyewe, na kwa kujifunga hupata nguvu ambayo aliye huru hana. Mtembezi wa Uingereza naye hujifunga vivyo hivyo. Ndugu wawili, Robert na John Naylor, waliofunga safari toka John o'Groats hadi Land's End mwaka 1871, walijiwekea sheria kabla ya hatua ya kwanza: wasionje kileo, wasivute tumbaku, wende kwa wastani wa maili 25 kwa siku, na siku ya Jumapili wasitembee bali wahudhurie ibada mara mbili. Hii ni bahari kamili ya ushairi, iliyotungwa kwa miguu.

Kitabu chao, From John O'Groats to Land's End, kina jina la ziada linalotaja maili 1,372 za safari, maana hawakufuata njia fupi. Tena kilitoka mwaka 1916, miaka 45 baada ya safari. Hapa mhakiki hana budi kusimama. Miaka 45 ni mingi kwa lengelenge la mguu. Kila mji wauingiao hufunguliwa kama sanduku la urithi, zikatolewa vita, wafalme, makaburi na hekaya, hata msomaji akasahau kwamba mbele yake wako vijana wawili waliolowa mvua na wenye njaa. Historia ile yaweza kusomwa na mtu aliyekaa kitini. Tulichokitaka kwao ni kile ambacho kiti hakiwezi kukitoa, nacho mara nyingi kimefunikwa. Hata hivyo, pale sheria yao inapogongana na giza, mvua na uchovu, kitabu huamka, na hapo ndipo tunapowaamini.

Mbele yao alitangulia Elihu Burritt, Mmarekani aliyekuwa mhunzi na ambaye kwa kujifundisha lugha nyingi aliitwa mhunzi msomi. Mwaka 1863 alitembea toka London hadi John o'Groats, na mwaka 1864 akatoa kitabu chake, A Walk from London to John O'Groat's. Huyu hakuwa mtu wa kushindana na njia. Alikwenda kutazama kilimo cha Waingereza: mashamba, mifugo, mitambo na watu wa kazi. Sifa yake ni kwamba jicho la mhunzi hujua kitu kinavyoshikwa. Kasoro yake ni kwamba ni mgeni mwenye adabu kupita kiasi, husifu sana. Kushuka kwa moyo ni haba katika kurasa zake, na safari isiyo na kushuka yafanana na ngoma yenye mlio mmoja.

Neno hili la kupanda na kushuka lataka kufafanuliwa, maana ndilo kiini cha sanaa hii. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kusikia mita 5,895 za Kilimanjaro aweza kucheka akiambiwa kwamba Ben Nevis, mlima mrefu kupita yote katika Uingereza na Uskoti, una mita 1,345 tu, na kwamba Cross Fell, kilele cha juu cha njia iitwayo Pennine Way, hakifiki mita 900. Asicheke upesi. Uzito wa nchi ile hauko katika urefu wa milima. Uko katika udongo mweusi wa mboji unaonyonya mguu hata gotini, katika ukungu unaoficha njia saa sita mchana, na katika mvua isiyo na haraka ya kwisha. Cross Fell una upepo wake wenye jina, Helm Wind, ushukao mlimani kwa ukali. Sisi wa pwani, tulio na kaskazi na kusi, twajua kwamba watu hawaupi upepo jina mpaka umewatia adabu.

Basi kupanda na kushuka ni kwa namna mbili: kwa mwili na kwa moyo. Mwandishi dhaifu huzifanya namna hizi kuwa moja. Akipanda mlima, moyo wapanda. Akishuka bondeni, moyo washuka. Mwandishi wa kweli ajua kwamba haziendi pamoja. Kilele huweza kumkuta mtu amechoka hata asione kitu, na uwanda ulio sawa, usio na shida yoyote, huweza kumvunja moyo kuliko mlima. Atafutaye kipimo cha ukweli katika vitabu hivi na atazame sura za katikati, mahali ambapo hapana bahari nyuma wala mbele. Huko ndiko waandishi wengi hujaza kurasa kwa habari za makanisa, kwa kuwa hawataki kukiri kwamba walichoka.

Sasa turudi kwa neno la wanafunzi, kwamba huu ni mchezo wa walioshiba. Neno hili lina kweli, lakini halina kweli yote. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao watu wa kazi toka Manchester na Sheffield, waliupanda mlima Kinder Scout bila ya ruhusa ya wenye ardhi, ambao waliutunza kwa ajili ya kuwinda ndege. Kiongozi wao mmoja, Benny Rothman, alikuwa kijana wa miaka 20. Alihukumiwa kifungo cha miezi minne, na wenzake kadhaa wakafungwa pamoja naye. Mwaka 1935 mwandishi wa magazeti Tom Stephenson alitoa rai ya njia ndefu juu ya uti wa mgongo wa Uingereza. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya mbuga za taifa na ya haki ya kuingia mashambani. Na mwaka 1965 Pennine Way ikafunguliwa, maili 268 toka Edale hadi Kirk Yetholm. Kijia hicho kimepita pale pale Kinder. Mtu hafungwi kwa ajili ya mchezo mtupu. Wale vijana waliokaa juma zima katika moshi wa viwanda waliiona siku moja ya upepo safi kuwa ni haki, si anasa. Baadaye sehemu za njia zilizogeuka kinamasi zilitandikwa mawe bapa, mengine yakiwa yametoka katika viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Hata asiyetaka mafumbo ataona kuna neno hapo.

Njia ile ilimpata mwandishi wake wa kuongoza katika Alfred Wainwright, ambaye Pennine Way Companion yake ya mwaka 1968 husomwa toka mwisho kurudi mwanzo, ili ramani ipande ukurasa kama mtembezi apandavyo kwenda kaskazini. Aliahidi pia pombe, kwa gharama yake, kwa kila afikaye Kirk Yetholm baada ya kuimaliza njia yote. Mwenye umbo la kitabu kama hilo alijua kwamba kitabu cha njia ni mtumishi wa miguu, si bwana wake.

Mwaka huo huo wa 1968 John Hillaby alitoa Journey Through Britain, habari ya safari yake toka Land's End hadi John o'Groats. Hillaby alikuwa mwandishi wa magazeti na mjuzi wa elimu ya viumbe, na shabaha yake ilikuwa kuona kama mtu aweza bado kukikata kisiwa kile huku akiziepuka barabara. Kwetu sisi ana maana zaidi, maana miaka minne kabla yake, mwaka 1964, alikuwa ametoa Journey to the Jade Sea, habari ya mwendo wake katika kaskazini ya Kenya mpaka ziwa lililoitwa wakati ule Rudolf na ambalo tangu mwaka 1975 huitwa Turkana. Vitabu viwili, mtu mmoja, miguu ile ile. Mhakiki hapati bahati kama hiyo kila siku.

Tofauti iko wapi? Iko katika mzigo. Kaskazini ya Kenya mzigo ulichukuliwa na ngamia, na ngamia walichungwa na wenyeji. Katika Uingereza mzigo ulikuwa katika shanta juu ya mgongo wa mwandishi mwenyewe. Katika kitabu cha kwanza kuna jangwa, jua na maajabu mengi, nacho ni kitabu kizuri cha namna yake. Lakini watu wanaoifanya safari iwezekane twawaona zaidi kwa jicho la aliyewaajiri. Katika kitabu cha pili hapana mtu wa kuamrishwa. Kila ratili ina jina lake, na kila mlima huulizwa na bega. Ndiyo maana jiwe, ndege na mmea wa njiani huingia katika maelezo kwa mwendo wa mtu anayelazimika kupumzika. Simulizi imepungua makuu na imeongezeka ukweli.

Kwa hiyo nathubutu kutoa kipimo: usomapo habari ya safari, uliza kwanza ni nani amebeba mzigo. Kipimo hiki tusiwapimie wageni tu. Katika Safari za Wasuaheli, zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, tunayo habari ya Selemani bin Mwenye Chande ya kwenda bara mpaka Tanganyika. Ni maandishi yenye thamani kubwa. Yana bidhaa, hongo, njaa na hofu. Tunayo pia maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, ambayo Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyatoa tena mwaka 1958 na 1959. Humo pembe na vitambaa vyahesabiwa sana. Bega la mpagazi halina usemi. Twajua jora ngapi zilikwenda. Hatujui zilimwuma nani. Ni pengo lile lile la ngamia wa Hillaby, na kwetu ni kubwa zaidi, kwa kuwa wapagazi wale walikuwa maelfu kwa maelfu na hawakuacha kitabu.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wanapokosea. Wamefikiri kwamba vitabu vya Waingereza havituhusu kwa kuwa wao hutembea kwa hiari na sisi tulitembea kwa lazima. Mimi naona kinyume. Mtu atembeaye kwa hiari na kubeba mzigo wake amegundua, kwa njia ya mchezo, lugha ambayo mtu wa lazima hakupewa nafasi ya kuiandika: lugha ya kamba ya begani, ya kisigino, ya maji yaliyokwisha kabla ya jioni. Lugha hiyo yaweza kuazimwa kwa kazi iliyo nzito kuliko mchezo.

Limebaki jambo la mwisho wa safari. Takriban vitabu vyote hivi hufikia John o'Groats au Land's End, na takriban vyote hupata shida hapo. Mtembezi amekwenda majuma mengi, na mwishoni hakuna kilele, hakuna lango wala mfalme. Kuna kibao cha kuonyesha njia, maduka ya wageni, na bahari. Mwandishi wa kawaida huongeza sauti ili kuficha utupu huo. Aliye hodari huuacha kama ulivyo, maana utupu huo ni sehemu ya habari: aliyejifunga kwa mapatano amefunguliwa, na ghafula hajui aifanyie nini miguu yake. Mshairi aliyemaliza beti la mwisho ajua hali hiyo.

Hukumu yangu basi ni hii. Vitabu vya mwendo wa miguu katika Uingereza havilingani. Naylor ni hazina iliyofunikwa na vumbi la hazina nyingine. Burritt ni jicho jema lisilojua kulalamika. Wainwright ni mtumishi mwaminifu wa njia. Hillaby wa mwaka 1968 ndiye wa kusomwa kwanza, na asomwe pamoja na Hillaby wa mwaka 1964, ukurasa kwa ukurasa, ili mwanafunzi ajionee jinsi nathari ya mtu mmoja inavyobadilika mzigo unapohama toka mgongo wa mwingine kuja mgongo wake. Akisha kusoma hivyo, na arudi kwa Selemani bin Mwenye Chande na kwa Tippu Tip, awasome upya, akisikiliza mahali wanaponyamaza. Toka Bagamoyo hata Ujiji iko njia iliyokanyagwa kuliko zote katika nchi zetu, na habari yake kwa kinywa cha mchukuzi bado haijaandikwa.