Kusoma Mvua kabla ya Mwamba

Wakweaji wa miamba husifiwa kwa vidole na misuli. Mimi sifa zangu nazipeleka kwa yule anayekaa na kalenda miezi kadhaa kabla ya safari, akaamua mwezi gani, uso upi wa mlima, na alfajiri saa ngapi. Kazi yake haina watazamaji, lakini ndiyo inayobeba nyingine zote.

Chukua Mlima Kenya. Vilele vyake vikuu, Batian wa mita 5,199 na Nelion wa mita 5,188, viko kusini kidogo tu ya ikweta, na hapo ndipo utamu ulipo. Januari na Februari, kaskazi ikivuma huko pwani, jua limeelemea kusini. Huupiga uso wa kusini likaukausha, huku ule wa kaskazini ukibaki kivulini, maji yameganda katika nyufa na mkono hauna pa kushika. Kufikia Julai mambo yamepinduka. Mlima mmoja, kiangazi upande huu, kipupwe upande ule! Kati ya misimu hiyo huja masika na vuli, na hapo mwenye busara hukaa nyumbani akikagua kamba zake.

Halford Mackinder, César Ollier na Joseph Brocherel walifika Batian Septemba 1899 kwa kupitia kusini, wakatumia saa nyingi kuchonga vikanyagio katika barafu ngumu. Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walikuja Januari 1929, wakapanda Nelion kwa uso wa kusini-mashariki, na njia za upande huo bado hupandwa zaidi miezi hiyohiyo. Uso wa kaskazini wa Batian ulisubiri hadi Julai 1944.

Mwezi ukishapatikana, kuna saa. Kwa kawaida asubuhi huko juu ni nyeupe. Kabla ya adhuhuri wingu hupanda kutoka mabondeni, na alasiri huleta mvua ya mawe au theluji. Ndiyo maana watu huanza kukwea gizani. Tena kupanda ni nusu tu ya kazi: kuteremka ni kwa kamba, kipande baada ya kipande, na kamba iliyolowa ni nzito, hunasa upesi. Mwaka 1970 Ian Howell alijenga kibanda kidogo cha mabati juu ya Nelion, akibeba vipande vyake mwenyewe. Namheshimu mno kwa hilo: alijua mlima hauwezi kuaminiwa mchana kutwa.

Na mvua inayoua si lazima ikunyeshee wewe. Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwasomba wageni yakawaua. Ramani ya mpangaji hodari kwa hiyo huonyesha pia maji ya eneo lile yanatoka wapi. Mfukoni ana mwamba wa pili, mfupi, kama Lukenya nje ya Nairobi, ambako wingu likija mtu hushuka kwa dakika chache.

Basi ndugu msomaji, ukiwaza Nelion, omba likizo yako Januari au Februari. Ukiwaza uso wa kaskazini wa Batian, ngoja Julai hadi Septemba. Kubaliana na wenzako kabla ya kuondoka kambini saa ya kugeuka, na saa hiyo ikifika, geukeni, hata kilele kikiwa kinaonekana.