Gramu Moja ya Rola: Kuipanga Gia ya Skuta kwa Hewa ya Dodoma

Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini ya kabureta hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Skuta iliyokuwa ikichomoka vizuri Kariakoo, Dar es Salaam, hulegea ikitoka soko la Majengo na gunia la vitunguu. Wengi huilaumu injini. Anza na gia.

Tuchukue GY6 ya cc 150, injini ya skuta nyingi za Kichina. Mwenye pikipiki ya Boxer akitaka nguvu hubadili spoketi. Hapa hakuna spoketi, kuna mkanda unaozunguka puli mbili. Ndani ya puli ya mbele mna rola sita. Injini ikikaza mwendo, rola hutupwa nje, puli hujibana, mkanda hupanda na gia hupanda nao. Puli ya nyuma ina springi pamoja na mifereji ya mshazari inayoubana mkanda kadiri injini inavyovuta. Nguvu ikipungua, mbano huo nao hupungua: gia hupanda mapema, injini ikabaki inakoroma mizunguko ya chini.

Dawa ni rola nyepesi. Msukumo wa rola hufuata uzito wake mara kipeo cha pili cha mizunguko. Kwa hiyo ukitoka gramu 13 hadi 12 kwa kila rola, gia iliyokuwa ikipanda kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika itasubiri hadi karibu 6,240. Tofauti hiyo utaisikia mara moja ukiwa na mzigo.

Kabla ya kununua chochote, fungua kava ya mkanda. Rola iliyolika upande hukwama. Mkanda mpya una upana wa milimita 20. Uliokonda haufiki juu ya puli, na spidi ya mwisho inapotea. Futa vumbi, wala usipake rola grisi, maana itakamata vumbi hilohilo.

Mafuta yana hesabu yake. Hewa ikipungua, petroli ileile inakuwa nyingi mno, na plagi hutoka na masizi meusi. Punguza jeti kubwa ya kabureta kwa hatua moja. Kisha pima: jaza tangi, piga njia ileile ya Majengo hadi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mzigo uleule, jaza tena, gawa kilomita kwa lita. Badili kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili rola na jeti kwa mpigo, hutajua kipi kimekusaidia.

Anayebeba mizigo ya sokoni apunguze gramu moja, asizidishe: rola nyepesi kupita kiasi huifanya injini ipige kelele na kula mafuta hata barabara ikiwa tambarare. Anayepanda peke yake aache rola za kiwandani, arekebishe jeti tu. Akiba yake ipo hapo.