Mlinda Sheria Auawaye Mpakani: Kisa cha Moshi, 1892

Katika fasihi ya mataifa mengi, mlinda sheria auawaye mpakani ana heshima yake maalumu. Wamarekani wamemtungia riwaya na sinema zisizo na hesabu: mji ni mchanga, wahalifu ni wengi, naye ni mmoja, tena afa akiwa kazini. Hadithi ya namna hiyo hudai mambo matatu: kuwapo sheria, kuwapo mwenye kuivunja, na kuwapo mwenye kuitunza. La kwanza likikosekana, mawili yaliyobaki hayana pa kusimama.

Kilimanjaro kuna mfano wa kulipima jambo hili. Mtu aliye katika mashamba ya mpunga ya Chekereni, akielekeza macho kaskazini, huona miteremko ya Old Moshi. Huko, mwezi wa Juni 1892, Albrecht von Bülow, mkuu wa kituo cha Wadachi, aliuawa vitani na watu wa Mangi Meli, na Luteni Wolfrum akafa pia. Meli alikuwa kijana, ameurithi umangi kwa baba yake Rindi, aliyefariki mwaka uliotangulia. Mwaka 1893 Kanali von Schele alipanda na jeshi kubwa akamshinda. Na tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa.

Kifo hicho kinawahusu wanafasihi hasa, kwa kuwa dada wa marehemu, Frieda von Bülow, huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa riwaya ya kikoloni katika lugha ya Kidachi. Alikuwa ameuona mwambao mwaka 1887, na baada ya msiba alirudi kusimamia shamba la ndugu yake upande wa Tanga. Riwaya zake, kama Tropenkoller ya 1896 na Im Lande der Verheißung ya 1899, hazikuandikwa na mtu aliyesikia habari za nchi kwa mbali, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini shujaa wa riwaya ya pili ametokana na Carl Peters, na hapo ndipo nguzo ya kwanza inapoyumba. Peters ndiye aliyemtangulia von Bülow Kilimanjaro. Huko aliwanyonga Waafrika wawili waliokuwa katika nyumba yake, Mabruk na Jagodja. Na mwaka 1897 baraza la nidhamu la serikali yake mwenyewe lilimtia hatiani, akafukuzwa kazi. Basi sheria ambayo mrithi wake aliifia ilikuwa imekwisha kuvunjwa na mlinzi wake wa kwanza.

Yawezekana mtetezi akajibu kwamba mlinzi mmoja mbaya haiharibu sheria, na kwamba mlimani hapakuwa na nyingine. Jibu hilo halisimami. Mwaka 1926 Bruno Gutmann, mmisionari Mdachi aliyekaa miaka mingi Old Moshi penyewe, alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, Das Recht der Dschagga. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle naye, katika Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, alieleza kwa Kiswahili mila za watu wake. Wachagga walikuwa na sheria zao, na Mangi alikuwa mlinzi wake. Mwaka 1892, kwa hiyo, sheria mbili zilikutana, na kila upande ulimwona mwenzake kuwa mhalifu.

Kosa la riwaya ya kikoloni, basi, haliko katika kumlilia ndugu. Kilio cha dada ni cha haki popote. Kosa lake ni kuuacha upande mmoja wa kesi bila shahidi. Askari Waafrika waliopigana chini ya bendera ya Wadachi nao walikuwa kazini, lakini majina yao hayakupata nafasi katika utukufu huo. Ukoo wa Meli nao umetafuta kwa miaka mingi fuvu lake, liaminiwalo kupelekwa Ujerumani.

Mtunzi wa Kiswahili atakayekishika kisa hiki atalazimika kuwapa wote watatu kauli: afisa, askari wake, na Mangi. Akimnyima mmoja wao, atakuwa ameandika hukumu kabla ya kusikiliza kesi, jambo ambalo sheria yoyote ya haki, ya mlimani au ya ng'ambo, hulikataza.