Sifa ya Fundi wa Hifadhi

Ziko kazi ambazo uzuri wake huonekana kwa macho, kama uhunzi wa hanjari na uchongaji wa milango, hata mpita njia asiyejua lolote husimama akazisifu bila ya kuambiwa. Na ziko nyingine ambazo kadiri zinavyofanywa vyema ndivyo zinavyozidi kufichika, kwa kuwa makusudio yake yote ni kwamba watu wasipatwe na jambo. Miongoni mwa hizi za pili naihesabu kazi ya kutunza na kupandisha matoleo ya hifadhi ya data katika klasta za kontena, kazi inayofanywa usiku na mchana katika mji huu wa Maskati, pale Rusayl palipojengwa Knowledge Oasis Muscat na katika vituo vingine vya data vya nchi hii, na mafundi ambao baadhi yao, wakitoka kazini, hurejea katika nyumba ambazo Kiswahili ndiyo lugha ya barazani na jikoni. Nimeitazama kazi hii kwa karibu, na nimeridhika kwamba ni sanaa yenye adabu zake, na kwamba wanaoifanya wanastahiki sifa ambazo hawajapewa.

Kontena, kwa maana ya mafundi hawa, ni furushi la programu pamoja na kila kinachohitajika ili iende. Na klasta ni seva nyingi zilizofungamanishwa zikaendeshwa kama moja, aghalabu chini ya uangalizi wa Kubernetes, mfumo uliotangazwa na Google mwaka 2014 na kutoka katika toleo lake la kwanza kamili Julai 2015. Katika utaratibu huu kontena yenyewe haina thamani ya nafsi yake. Ikifa moja, huanzishwa nyingine katika seva nyingine kwa muda wa sekunde chache, wala hakuna anayeomboleza. Walakini nyuma ya kontena hizo zimo hesabu za benki, majalada ya wagonjwa, stakabadhi za forodha na alama za wanafunzi, na vitu hivi vikipotea havifufuki. Hapo ndipo penye ugumu wa asili wa kazi hii: mfumo uliojengwa kwa vitu vya kupita sharti ubebe vitu vya kudumu. Zamani walikuwapo mafundi wengi walioonya kwamba hifadhidata isiwekwe kabisa ndani ya kontena, na kwa wakati wao hawakukosea, maana hata StatefulSet, utaratibu uliowekwa makhsusi kwa programu zenye kumbukumbu, haukuhesabiwa kuwa imara mpaka toleo la 1.9, Desemba 2017.

Oman ni nchi ya falaji, yaani mifereji ya maji ya mashamba, na falaji 5 za nchi hii ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Atakayeelewa ugawaji wa maji yake hatapata taabu kuelewa ugawaji wa diski. Mwenye shamba la mitende hupata maji kwa zamu, na hisa yake huhesabiwa kwa athari, ambayo aghalabu ni nusu saa, iliyokuwa ikipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku. Yeye hujua zamu yake na kiasi chake, basi. Chemchemi iko wapi, mfereji umepita kina gani chini ya ardhi, na wapi umeziba, hayo ni ya wakili na arifu, wasimamizi wa falaji. Vivyo hivyo mwandishi wa programu huandika ombi lake la diski, au PVC kama wanavyoliita wenyewe, akataka gigabaiti 50 za kasi fulani, na klasta humpatia bila ya yeye kuuliza diski iko katika kabati gani wala imetengenezwa na nani. Aliyeketi katika nafasi ya arifu ndiye fundi wa hifadhi. Naye hutoa kwa hadhari, kwa kuwa diski iliyokwisha kutolewa hukubali kukuzwa huku programu ikiendelea kufanya kazi, jambo lililothibitishwa katika toleo la 1.24, Mei 2022, illa haikubali kupunguzwa.

Kwa miaka kadhaa draiva za aina nyingi za diski zilikuwa ndani ya Kubernetes yenyewe, kiasi kwamba kosa katika draiva moja lilingoja toleo jipya la mfumo mzima ndipo lisahihishwe. Ukawekwa mkataba mmoja kwa watengenezaji wote, nao ni CSI, uliothibitishwa katika toleo la 1.13, Desemba 2018. Na miundombinu ya kuzihamisha diski za zamani kwenda katika draiva mpya ikathibitishwa katika toleo la 1.25, Agosti 2022. Diski zile zile, zenye data ile ile, ziliendelea kusomwa na kuandikwa ilhali draiva iliyozishika imekwisha kubadilishwa, na mamilioni ya watu duniani hawakupata habari.

Ningependa kusimama kidogo juu ya dakika 6, kwa kuwa ndani yake mna tabia nzima ya ufundi huu. Seva moja imenyamaza ghafula. Kontena iliyokuwa ndani yake, tuseme hifadhidata, inatakiwa ianzishwe kwingine, na diski yake ni ya aina isiyoruhusiwa kuandikwa na seva mbili kwa wakati mmoja. Klasta haijui kama seva ile imekufa kweli, au imekatikiwa na mawasiliano tu na ingali inaandika. Na seva mbili zikiandika diski hiyo kwa pamoja, kila moja ikidhani ni peke yake, mfumo wa mafaili huvurugika na data huweza kuharibika pasiwe na wa kuitengeneza. Kwa sababu hiyo, hata kontena ya zamani inapoondolewa, Kubernetes kwa desturi yake hungoja dakika 6 kabla ya kuibandua diski kwa nguvu. Katika dakika hizo simu hulia, mkubwa wa ofisi huja akasimama mlangoni, na mteja huuliza kwa nini malipo hayaendi. Asiyejua kazi huilazimisha diski itoke. Fundi kamili huuliza kwanza swali moja tu, kama seva ile imezimika kweli, na hupeleka mtu mpaka kwenye kabati akaitazame taa yake, au huikatia umeme kwa mkono wake mwenyewe. Kisha huipiga alama kwamba haimo tena kazini, njia iliyothibitishwa katika toleo la 1.28, Agosti 2023, na hapo klasta huihamisha diski bila ya kungoja tena. Ujasiri wa kutofanya jambo ilhali watu wote wanakuhimiza ulifanye ni nadra katika kila kazi, na katika kazi hii ni sharti la kwanza.

Kupandisha toleo ndio mtihani mkubwa zaidi. Usiku mmoja wa Alhamisi, ambao ndio mwanya wa mafundi wa hapa tangu mapumziko ya wiki yalipohamishiwa Ijumaa na Jumamosi mwezi Mei 2013, nilipewa ruhusa ya kuketi nyuma ya mafundi wawili, bwana wa makamo na binti aliye katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, waliokuwa wakipandisha toleo la Ceph chini ya klasta yao. Ceph ni hifadhi iliyoanzia katika utafiti wa Sage Weil kwenye Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na kuelezwa hadharani mwaka 2006. Kwa desturi huweka nakala 3 za kila kipande cha data, na huendelea kupokea maandishi maadamu nakala 2 zi hai. Diski ikinyamaza kwa dakika 10, Ceph huihesabu kuwa imetoka na huanza kunakili upya data yake kwingineko. Jambo hilo ni rehema siku ya msiba na ni hasara siku ya matengenezo, kwa kuwa terabaiti nyingi zingehamishwa bure kwa ajili ya seva iliyozimwa kwa robo saa. Basi amri ya kwanza aliyoiandika binti ilikuwa noout, yaani diski yoyote isihesabiwe kuwa imetoka, na hali ya klasta ikageuka kuwa onyo, nao wakaliacha onyo hilo kwa kuwa walilitaka wenyewe.

Wakaanza na monita, moja baada ya moja, kwa sababu hizo ndizo zinazoshika ramani ya klasta, na hazikati shauri illa wingi wao uwepo: kati ya 3 sharti ziwe hai 2. Zikafuata programu za usimamizi, kisha seva za diski. Baada ya kila seva walikuwa wakingoja mpaka nakala zilizobaki nyuma zilingane na nyingine.

"Ami, nianze ya pili? Imebaki kidogo tu."

"Iliyobaki kidogo haijawa, mwanangu. Ngoja zote ziseme active+clean."

Binti akaondoa vidole juu ya kibodi akangoja, na tarakimu zikashuka polepole mpaka zikaisha. Seva baada ya seva ikawa hivyo hivyo, na ukipenda waweza kusema kwamba niliyoyaona usiku ule ni watu wawili wakitazama kioo. Lakini kila kungoja kulikuwa na sababu yake, na ndani ya kila sababu yumo mtu asiyewajua, ambaye malipo yake au jalada lake la hospitali lilikuwa likipita chini ya mikono yao. Mwisho ilibaki amri ya kuitangazia klasta kwamba diski zenye toleo la zamani hazipokelewi tena, na amri hiyo ni nzito kwa kuwa Ceph haina njia ya kurudi katika toleo kuu lililoachwa. Bwana yule akaisoma orodha yake upya tangu juu, akauliza bekapu ya jana ilijaribiwa na nani na saa ngapi, akajibiwa, kisha akasema, "Bismillahi, andika." Noout ikaondolewa, onyo likatoweka, na waliokwenda kuswali Ijumaa wakalipa nauli na kununua halua kwa simu zao kama walivyofanya wiki iliyotangulia.

Mji huu una mitihani yake zaidi ya ile iliyomo ndani ya programu. Kuriyati, ambayo imo katika mkoa wa Maskati, tarehe 26 Juni 2018 ilipitisha siku nzima, mchana na usiku, bila ya joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, na katika hali kama hiyo vipoza hewa vya kituo cha data havipati saa ya kupumzika. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 na Shaheen kilichopiga pwani ya Batina tarehe 3 Oktoba 2021 viliyajaza mabonde maji na kuzifunika barabara. Kwa hiyo fundi wa hifadhi hapa hatosheki na kusema kwamba nakala ziko 3. Hutazama ziko wapi, akaweka kanuni kwamba mbili zisikae katika kabati moja, na ikiwezekana zisikae katika ukumbi mmoja, kisha bekapu akaipeleka mbali kabisa. Mbali nako kuna hesabu yake. Kutoka Maskati hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 4,000, na mwanga ndani ya waya wa kioo huhitaji si chini ya milisekunde 40 kwenda na kurudi masafa hayo. Hifadhidata iliyolazimishwa kungoja jibu la ng'ambo kwa kila mstari inaouandika ingekuwa nzito mno, ilhali bekapu ya usiku ingefika salama. Tena ipo sheria: Amri ya Kisultani namba 6 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Februari 2023, inahifadhi data binafsi za watu na ina masharti juu ya kuzitoa nje ya mipaka ya nchi, hata fundi asiyejua sheria hiyo hawezi kusema kwamba ameijua kazi yake.

Wazee wetu waliorejea Oman baada ya mwaka 1970, kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na hata Burundi na Kongo, wengi wao waliijua taabu ya mtu ambaye karatasi zake zimebaki nyuma ya bahari. Elimu yao na lugha zao ziliwaingiza katika mabenki, mahospitali, na makampuni ya mafuta na ya simu, na leo wajukuu wao ndio baadhi ya wanaoshika diski zenye karatasi za nchi nzima. Kwangu mimi data hii ni wadia katika maana yake kamili: mali ya mwingine iliyo mkononi mwako, ambayo huna ruhusa ya kuipunguza.

Nao mafundi wanajua kwamba hatari nyingi hazitoki mbinguni. Diski inayotolewa na klasta kwa ombi huja, kwa desturi, na sharti la kufutwa pale ombi lake linapofutwa, na kidole kimoja kilichoteleza mchana wa jua kali chaweza kuondoa kilichojengwa kwa miaka. Ndiyo sababu wenye hekima hubadili sharti hilo liwe Retain, yaani ibakizwe, kwa kila diski yenye thamani. Snapshoti nazo, yaani picha za data kama ilivyokuwa wakati fulani, ni neema kwa kurudi nyuma upesi, lakini iliyolala ndani ya hifadhi ile ile itazama pamoja nayo, na kuihesabu kuwa bekapu ni kujidanganya. Bekapu ambayo haijapata kurejeshwa, hata mara moja, katika klasta nyingine na kusomwa ikasomeka, haijathibitika kuwa bekapu.

Basi wewe msomaji, ukiwa na duka, zahanati, chuo au jumuiya, na kumbukumbu zako umemwekesha mtu katika wingu, usimuulize ana diski ngapi wala kasi yake ni kiasi gani. Muulize ni lini mara ya mwisho aliporejesha bekapu yako akaifungua mbele ya shahidi. Na akikutajia tarehe bila ya kusita, mlipe ujira wake kamili, umlipe kwa wakati, wala usimhimize Alhamisi usiku.