Fundi wa Mianya

Kichwa kikipita, mwili wote umepita. Anayefuga fereti ndani ya nyumba huanza na kanuni hiyo, na ukimwangalia mnyama mwenyewe huna la kubisha. Ni wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere: mwili mrefu mwembamba, miguu mifupi, na uti wa mgongo unaopinda hadi anaweza kugeuka na kurudi alikotoka akiwa ndani ya bomba jembamba. Dume huweza kuzidi kilo moja na nusu, ilhali jike mara nyingi ana nusu ya uzito huo. Kwa hiyo mwanya uliomshinda dume haujamshinda jike, na uliomshinda jike haujamshinda mtoto wake. Wafugaji wengi huanza kuingiwa na wasiwasi tundu likifika sentimita 2.5. Mzee ninayetaka kumsifu hapa huanza kuhangaika kwenye 2.

Ni seremala mstaafu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, sehemu ambako watu wamefuga fereti kwa vizazi vingi ili wawatoe sungura mashimoni. Jamaa zake na majirani wakitaka kuleta fereti nyumbani, humwita yeye kwanza. Nimewahi kufuatana naye katika kazi hiyo, kazi yangu ikiwa kushika tochi, na sijaona fundi mwingine anayelala chini kwa muda mrefu namna ile kabla hajagusa bisibisi.

Hulala kifudifudi, shavu likigusa sakafu, na hapo jiko la kisasa linabadilika kabisa. Makabati ya chini hayajakaa sakafuni; yamesimama juu ya vijiguu vya plastiki, na mbele yake umewekwa ubao mrefu mwembamba wa kuvificha. Ubao huo umeshikwa na vibanio tu. Nyuma yake kuna uwazi wenye giza unaokwenda kutoka chini ya sinki, ukapita nyuma ya friji, hadi kwenye tundu la ukutani linalopitisha bomba la maji machafu. Aliyelitoboa tundu lile alihitaji sentimita 4 akatoboa karibu 10, kwa kuwa alijua hakuna atakayechungulia. Mzee hamlaumu. Anasema nyumba nyingi ndivyo zilivyojengwa: uzuri wote uko mbele, na haraka yote imefichwa nyuma.

Huanza na tundu hilo la ukutani kabla ya mengine yote, kwa sababu fereti akishaingia ndani ya ukuta, kumtoa huenda kukahitaji kuuvunja. Hukata kipande cha plaiwudi, akakipasua katikati, kisha kila nusu akaichonga nusu duara inayolingana na unene wa bomba. Nusu mbili zikikutana, zinalikumbatia bomba bila kuacha mahali pa kupitisha hata kalamu. Hufunga kwa skrubu. Lile povu la kopo linalovimba na kukauka halitaki kabisa: kwa fereti ni kitu cha kuchimbwa, na baya zaidi, ni kitu cha kuliwa. Nyuma ya friji hatumii ubao, kwa kuwa friji inatoa joto na lazima ipate hewa. Hapo huweka wavu wa chuma wa matundu madogo, kingo zake zikiwa zimekunjwa kwa ndani zisije zikamkwaruza mnyama. Nilimwona akipitisha kidole gumba taratibu kwenye kila ukingo, kisha akarudia kwa kitambaa cha soksi. Uliponasa uzi mmoja, aliufungua wavu wote akaanza upya.

Sebuleni kinachomtia hofu ni kochi. Ukiligeuza, utaona chini yake kitambaa cheusi chepesi ambacho fereti hukirarua kwa muda mfupi tu. Humo ndani kuna sponji, springi na giza, vitu vitatu anavyovipenda, na mtu akija kukaa hajui ni nani aliyelala chini yake. Mzee huligeuza kochi, akalifunika tumbo lote kwa plaiwudi nyembamba au turubai nzito, na pini huzipiga karibukaribu. Lakini kile kiti kinachojilaza mgongo na kuinua miguu, chenye vyuma vinavyojikunja kama mkasi, hakigusi. Humwambia mwenye nyumba achague, kiti au fereti. Katika jambo hilo hana maelewano na mtu, wala hatabasamu akilisema.

Milangoni huchonga mifereji ya mbao pande zote mbili za fremu na kuteremsha humo bamba la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kimo cha mapaja. Watu huliruka. Wavu ungekuwa rahisi, ila wavu hupandika, na fereti aliyefika juu hajali ni umbali gani hadi chini.

Kuna mengine yasiyohitaji msumeno. Vitufe vya rimoti, vifutio, soli za ndala, sponji za spika za masikioni: fereti hupenda kutafuna vitu laini vya mpira, na kipande kidogo kikiziba njia ya utumbo, ni upasuaji au kifo. Hivyo hukusanywa vyote. Mashine ya kufulia nayo ina sheria yake. Mnyama huyu hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na wakati mwingine usingizi ni mzito hadi unaweza kumbeba asiamke. Rundo la nguo chafu ni kitanda kizuri kwake. Kabla ya kubonyeza kitufe, unahesabu fereti wako wote.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba mzee hazibi kila shimo. Watu wamemfuga fereti kwa zaidi ya miaka 2,000, wakimtaka aingie kwa ujasiri mahali wasipoweza kuingia wao. Mwaka 1971 maabara ya fizikia karibu na Chicago, inayoitwa Fermilab leo, ilimtumia fereti aitwaye Felicia kupita ndani ya mabomba marefu ya mitambo akivuta uzi. Kisha watu wakautumia uzi huo kupitisha kitambaa chenye dawa ya kusafishia. Kumwambia mnyama wa aina hiyo kwamba mashimo sasa ni marufuku ni kumwonea. Ndiyo sababu, kwa kila njia anayoifunga, mzee huacha nyingine iliyo salama: vipande vya bomba pana vilivyounganishwa nyuma ya kochi, au sanduku lenye matambara na tundu la kuingilia. Fereti aliye na kazi yake hana haja ya kuchunguza yako.

Mwishoni humleta jike wake mwenyewe, mdogo na mtundu, akamwachia. Halafu hukaa sakafuni na chaki. Popote jike huyo anapochimba mara mbili, mzee hupachora alama, hata kama macho hayaoni kitu. Mfukoni ana kidude cha mpira kinacholia kikiminywa; jike huyo amezoea kwamba kila kikilia kuna kipande cha nyama, kwa hiyo hata akipotelea mahali atarudi mwenyewe.

Lakini fundi bomba akija kubadilisha bomba la sinki, au ikinunuliwa friji iliyo nyembamba kuliko ile ya zamani kwa sentimita 3, jiko hilo ni geni tena. Kwa hiyo ndani ya mlango wa kabati la sinki hubandika karatasi yenye mchoro wa kila ubao alioufunga na saizi ya skrubu zake, pamoja na namba yake ya simu na ombi kwa fundi yeyote atakayefuata: ukimaliza kazi yako, usiurudishe ubao wewe, nipigie.