Je, Moto Una Mwisho?

Katika mafundisho ya fizika kuna hesabu moja yenye kusifiwa sana. Leo tunataka kuipima kidogo, tuone kama watu hawaisingizii maneno isiyoyasema.

Mwaka 1965, Rolf Hagedorn, mwenye kufanya kazi huko CERN, Geneva, alitazama vipande vidogo sana vinavyotoka wakati protoni zinapogongana. Aliona kwamba kadiri uzito unavyozidi, aina za vipande zinaongezeka upesi mno. Basi ukizidisha nguvu, vipande havizidi kukimbia; nguvu inatumika kuzaa vipande vipya. Kwa hiyo moto hauwezi kupita digrii karibu milioni milioni mbili. Ni kama sufuria ya maji: yakiisha kuchemka, ongeza kuni upendavyo, maji hayazidi moto, yanageuka mvuke tu.

Hesabu hii tunaisifu, maana ililingana na vipimo vya wakati ule. Lakini Hagedorn aliuita mpaka huo kipeo cha moto wote. Hapo hatupatani naye. Mfano wa sufuria wenyewe unamkanusha: maji yote yakiisha kuwa mvuke, nao mvuke ukifungiwa, moto unapanda tena. Ndivyo walivyosema Cabibbo na Parisi, Waitalia, mwaka 1975: kwenye mpaka ule vipande vinayeyuka na kuwa kwaki, yaani vile vinavyofanya protoni yenyewe. Na mwaka 2010 wataalamu wa Brookhaven, Marekani, walitangaza kwamba wamepima moto wa digrii karibu milioni milioni nne. Walichokiita ukuta kilikuwa mlango.

Sasa tutazame wale wenye kufundisha kwamba asili ya vitu vyote ni nyuzi ndogo mno, zenye kutetema kama nyuzi za gitaa. Namna zao za kutetema ni nyingi ajabu, na hesabu inaleta tena mpaka wa aina ileile, ila kwenye moto mkubwa zaidi sana. Atick na Witten waliandika mwaka 1988 kwamba hapa pia kuna badiliko, tena linatokea kabla ya kuufikia mpaka wenyewe. Busara yao twaipenda. Lakini tuseme wazi: hesabu ya kwanza inazihesabu nyuzi kana kwamba hazigusani, kumbe katika moto mkali zinaungana na kukatika bila kukoma. Tena huku hakuna Brookhaven. Hakuna chombo kilichokwisha kuona uzi hata mmoja.

Basi mwalimu asiwaambie wanafunzi wake: «Elimu imevumbua mwisho wa moto.» Awaambie: «Hesabu imefika mahali ambapo maneno yake ya kwanza hayatoshi.» Neno hili la pili ni dogo, lakini lina shahidi, lile la kwanza ni kubwa, nalo halina.