Arabuko-Sokoke: Hatua Chache, Ndege Wengi

Wapo wanaozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke asubuhi nzima, kisha wakatoka wakisema hauna ndege. Msitu huu wa pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi, una kilomita za mraba zipatazo 420, na sehemu yake ndogo ni hifadhi ya taifa. Humo wanaishi ndege ambao watu huvuka bahari kuja kuwatafuta. Kasoro basi haiko msituni, iko katika mwendo wa mgeni. Matembezi ya ndege hapa hupangwa kwa kufuata udongo, saa na sauti. Anayetanguliza umbali huambulia jasho.

Tuanze na udongo. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko. Katikati, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, imesimama mirihi, yaani Brachystegia, miti iliyoachana kiasi cha kupitisha jua hadi chini. Magharibi, kwenye mchanga mwekundu, kuna kichaka kizito cha Cynometra. Bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wanasayansi miaka ya 1960, ni wa Cynometra. Chozi wa Amani na mnana wa Clarke ni wa mirihi. Mtu akishinda ukanda mmoja tu, hata awe na darubini ya bei gani, hawezi kuona ndege wa ukanda wa pili. Ndiyo maana ratiba nzuri huanza alfajiri kwenye mirihi, kabla jua la pwani halijawanyamazisha ndege, na kuacha kichaka kizito kwa saa za baadaye, kwa kuwa bundi mchana amelala na hahitaji kuwahiwa.

Ndani ya mirihi, kazi kubwa ni kusimama. Ndege wa huko hula kwa makundi mchanganyiko, hivyo njia hukaa kimya kwa muda mrefu, kisha ghafla miti kadhaa inajaa. Dalili ya kwanza huwa ni makelele ya ndege weusi wenye midomo myekundu, wanaoruka kutoka mti hadi mti wakipekua wadudu. Nyuma yao, juu kabisa kwenye majani, ndipo hupita chozi na mnana. Aliyesimama akisikiliza hulipata kundi likimjia. Anayekwenda haraka hupishana nalo bila kujua, kwa sababu vishindo vya miguu yake mwenyewe vimefunika sauti.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi subira si lazima, kwani simu ikicheza sauti ya ndege, mwenyewe hujitokeza. Ni kweli hujitokeza, lakini huja kumfukuza mshindani asiyekuwepo, akiacha kula au kulinda kiota. Kwa ndege aliyeenea nchi nzima, hasara yaweza kuwa ndogo. Kwa ndege ambaye makao yake duniani ni vipande vichache vya msitu, na ambaye kila mgeni humwita palepale kwenye njia ileile, usumbufu huo hurudiwa mno. Tena sauti haimleti ndege ambaye hayupo. Mnana wa Clarke huondoka msituni kwenda kuzaa. Viota vyake vilijulikana mara ya kwanza mwaka 2013, kwenye kinamasi cha Dakatcha, kaskazini zaidi. Kalenda itakusaidia kuliko simu.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: kwa nini kumlipa mwongozaji wakati njia zinaonekana? Jibu liko kwa yule bundi. Mchana hujibanza kwenye kijitawi ndani ya kichaka, rangi yake ikifanana na majani makavu, na anayejua matawi anayoyapenda ni mwenyeji anayepita hapo kila mara. Mwenyeji huyo pia hutambua alama za ndovu, ambao bado wamo. Zaidi ya hayo, ada yake huipa familia ya jirani sababu ya kutaka mti usimame, kama ufugaji wa vipepeo wa mradi wa Kipepeo ulivyofanya tangu 1993. Mwenye asubuhi moja tu ndiye anayemhitaji zaidi, maana hana muda wa kujifunza kwa kupotea. Basi bajeti ikibana, punguza kilomita na usafiri wa ndani, usipunguze mwongozaji: ndiye anayeshika pamoja udongo, saa na sauti.